Mbele 29, nyuma 27.5

Fremu ya baiskeli yangu ya milimani iliundwa kwa magurudumu mawili ya inchi 29. Mimi ni mfupi, na kwenye miteremko ya Magamba, hapa Lushoto, tairi la nyuma lilinikwaruza kila nilipojivuta nyuma ya siti. Nikafunga 27.5 nyuma, mbele nikaacha 29. Sirudi tena kwenye 29 mbili.

Kabla ya kununua ringi, pima habu, yaani kitovu cha gurudumu. Yangu ya nyuma ina upana wa milimita 148, na ekseli yenye unene wa 12. Yako huenda ni tofauti. Ubavuni mwa tairi soma namba ya mwisho: 622 ni inchi 29, 584 ni 27.5. Breki ziwe za diski, maana za kubana ringi hazitafika. Na usilazimishe gurudumu la 29 kwenye foku (uma wa mbele) ya 27.5.

Sasa penye kazi. Nyuma hushuka takriban milimita 19, ekseli ya pedali (ile ya katikati, chini ya fremu) hushuka kama 12, na foku hulala karibu digrii moja. Kuteremka ni raha tupu, kona unazikata vizuri. Lakini pedali hugonga mawe. Siku ya kwanza niligonga mara tatu kwenye kipande kimoja cha mizizi. Nikatoa krenki (mikono ya pedali) za milimita 175, nikafunga za 165, na tairi nene la inchi 2.6 nyuma. Siti niliisogeza mbele kidogo, pua ikainama.

Pima kutoka sakafuni hadi katikati ya ekseli ya pedali, kabla na baada, upepo wa tairi uwe uleule. Yangu ilitoka milimita 338 ikawa 328.