Jinsi ya Kutazama Mechi ya Besiboli Inayoamuliwa na Warushaji

Mkazi wa Nairobi anayetaka kufuatilia besiboli ya kulipwa ya Marekani hana budi kwanza kupanga usingizi wake, kwa kuwa mechi inayoanza saa moja jioni mjini New York wakati wa kiangazi huanza huku saa nane usiku. Anayekesha kiasi hicho kisha akaambulia pointi moja tu atahisi amepunjwa, hasa akiwa amelelewa na kriketi. Mwaka 1996, katika uwanja wa Gymkhana hapa hapa Nairobi, Shahid Afridi wa Pakistan alifikisha mikimbio mia moja kwa mipira 37, na aliyezoea karamu ya namna hiyo humkodolea macho mwenye gongo. Usiku wa warushaji, yaani wanaomrushia mpira mwenye gongo, huyo mwenye gongo atazamwe baadaye.

Anza na hesabu inayoonyeshwa pembeni mwa skrini. Straiki tatu, yaani mipira iliyopita ndani ya eneo halali au aliyoijaribu akaikosa, humtoa mpigaji. Boli nne, yaani mipira iliyopita nje ya eneo halali bila yeye kuijaribu, humpa bure kituo cha kwanza kati ya vinne ambavyo mkimbiaji huvizunguka ili kupata pointi. Mrushaji mwenye straiki mbili na bila boli hata moja ana uhuru wa kurusha nje kidogo ili amshawishi mpigaji kuufuata mpira mbaya, ilhali aliyefikisha boli tatu hulazimika kurusha panapopigika. Kwa hiyo mpira wa kwanza kwa kila mpigaji una uzito ambao mgeni wa mchezo huu huupuuza.

Kisha tazama glavu ya mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, kabla mpira haujarushwa. Ikiwa mpira unaifuata ilipotegwa, mrushaji anaitawala kazi yake; mdakaji akianza kunyoosha mkono huku na huko, mkono wa mrushaji umeanza kuchoka, na hapo ndipo mechi inaweza kugeuka. Kutoka kwa mrushaji hadi kwenye kibao cha nyumbani, anaposimama mpigaji, ni mita 18.44, na mpira wa kilomita 150 kwa saa huvuka umbali huo kwa muda usiofika nusu sekunde. Mpigaji huamua mapema mno, kwa hiyo mpira wa polepole unaorushwa kwa mkono uleule wa haraka humfanya apunge gongo hewani kabla haujafika. (Binafsi naona ujanja huo unafurahisha kuliko mpira wa kasi.)

Ili kujizoeza, tafuta marudio ya mchezo wa saba wa fainali ya mwaka 1991 kati ya Minnesota Twins na Atlanta Braves, uutazame mchana ukiwa na kalamu ya kuhesabia mipira. Ruka hadi awamu ya nane (katika kila awamu kila timu hupata zamu moja ya kupiga), matokeo yakiwa bado 0-0. Atlanta walikuwa na wakimbiaji kwenye kituo cha pili na cha tatu, hakuna aliyetolewa, na karibu pigo lolote la maana lingeleta pointi. Jack Morris, mrushaji wa Minnesota, alimtoa mmoja, wa pili akapewa kituo kwa makusudi, kisha pigo moja dhaifu likawatoa wawili kwa mpigo. Alirusha awamu zote kumi, mipira 126, na mwenzake Gene Larkin ndiye aliyepiga mpira ulioleta pointi pekee ya usiku huo.