Somo: Kuiga mchanganyiko unavyojitenga juu ya tufe, kelele nasibu zikiwemo

Somo hili linamfaa aliyekwisha kuandika programu ya msambao wa joto kwenye wavu wa pembetatu. Lengo ni kuona mchanganyiko wa A na B ukijitenga madoa madoa juu ya uso uliopinda, kama lipidi zinavyofanya kwenye utando unapopoa.

Hatua ya 1: mlinganyo. Wanasayansi Cahn na Hilliard waliutoa mwaka 1958, Cook akaongeza kelele (mitikisiko nasibu) mwaka 1970. Namba u inaonyesha mchanganyiko ulivyo kila mahali: penye A tupu ni +1, penye B tupu ni −1.

w = u³ − u − ε²Δu
∂u/∂t = Δw + kelele

Hapo w ni uwezo wa kikemia, unaosukuma A na B kusogea, na ε huamua upana wa mpaka kati yao. Hiyo Δ ni kiendeshi cha Laplace na Beltrami: inapima kwa kufuata uso wenyewe, haikatizi ndani ya tufe.

Hatua ya 2: wavu. Chukua umbo la nyuso 20, kila pembetatu igawe nne, nukta mpya zisukume hadi kwenye tufe. Ukirudia mara 5 unapata nukta 10,242, na kwa tufe la nusukipenyo 1 kila upande una urefu wa 0.038 hivi. Nitatumia ε = 0.05, mpaka kati ya A na B unakuwa na upana wa 0.2, yaani pembetatu tano hivi. Wavu ukiwa mpana kuliko huo, mipaka hunasa na madoa hugoma kusogea.

Hatua ya 3: muda. Sehemu ya ε² ipeleke kwenye hatua mpya, u³ − u ibaki ya hatua iliyopita, kisha ongeza S(u mpya − u ya zamani) kwenye w, S = 2. Matriksi ya kutatua kila hatua haibadiliki, kwa hiyo unaichambua (kuigawa kuwa sehemu rahisi kutatua) mara moja tu.

Hatua ya 4: kelele. Hapa ndipo kazi ilipo. Wengi hurusha namba nasibu kwenye kila nukta na kuijumlisha na u. Picha inapendeza, lakini jumla ya A inapanda na kushuka bila mtu kuitia wala kuitoa. Kelele ziingie kupitia mtiririko. Kwa kila pembetatu, chagua vekta nasibu g iliyolala juu yake (namba mbili za mgawanyo wa kawaida, kwa pande mbili zenye pembe mraba), uigawe kwa kipeuo cha pili cha eneo. Kila nukta ya pembetatu ipewe eneo × (g · mteremko wa kitendaji cha nukta hiyo, kilicho 1 hapo na 0 kwenye nukta nyingine). Miteremko mitatu ikijumlishwa ni sifuri, basi anachopata mmoja wamepoteza wenzake. Mwisho zidisha kwa √(2θτ), θ ikiwa nguvu ya kelele na τ hatua ya muda. Ukiweka τ bila kipeuo, kelele zitafifia kila unapopunguza hatua.

Hatua ya 5: jaribio. Zima kelele, anza na u iliyo karibu na sifuri. Wimbi la daraja l (l ikiwa kubwa, wimbi ni fupi) hukua kwa kasi ya λ − ε²λ², ambapo λ = l(l+1). Daraja la 14 ndilo la haraka kuliko yote, 99.75, la 19 bado linakua, la 20 linakufa. Usiwashe kelele kabla hujayaona haya.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, daraja la 14 kwangu linakua kwa 63. Nimetumia τ = 0.001.*

Msimbo wako ni mzima, ndugu. Hiyo S inatuliza hesabu, lakini pia inachelewesha ukuaji. Weka τ = 0.00001, utafika 99 hivi.

*Nikiongeza nukta, picha inazidi kuchafuka. Kosa liko wapi?*

Si kosa. Kila wavu mpya unaleta mawimbi mafupi zaidi, na kelele za aina hii hazina kikomo kwenye uso. Zilainishe: tatua (M + δ²K)x = b, b ikiwa kelele za Hatua ya 4, kisha tumia Mx badala ya b. M ni matriksi ya masi, K ya ugumu, δ ni urefu wa kulainisha, usiibadilishe wavu unapobadilika. Jumla ya kelele inabaki sifuri.

*Na uso wenye kiuno, kama kibuyu?*

Hatua ni zilezile. Tarajia mpaka utulie kiunoni, maana hapo ndipo unapokuwa mfupi.

*Uso ukiwa unasogea je?*

M ijengwe upya kila hatua: M mpya × u mpya, toa M ya zamani × u ya zamani. Maeneo ya pembetatu kwenye kelele nayo yahesabiwe upya, na ule uchambuzi wa mara moja usahau.