Kubadilisha kitako cha gobore la kuunganisha mwenyewe

Boksi la gobore la kuunganisha mwenyewe huwa na mtutu, mtambo wenye nyundo, kifyatulio, mdeki (ufito wa kushindilia), mfuko wa skrubu na mti uliochongwa kwa mashine. Tangazo litakwambia mti huo umeshakamilika kwa asilimia 90. Ukiupima kwa mizani, huenda ni kweli. Ukiupima kwa jasho, zaidi ya nusu ya kazi bado ipo. Na kama unataka kuuweka kando uchonge wako kutoka kwenye ubao, ndiyo kwanza unaanza.

Nimefanya yote mawili, na fundi mpya akiniuliza aanzie wapi namjibu: anzia kwenye kisigino cha mtutu, yaani ule mwisho wa nyuma ulioziba. Umbo, rangi na mng'ao vitasubiri.

Tuelewane maneno kwanza. Kitako hapa ni mti wote, kuanzia begani hadi chini ya mtutu. Shingo ni pale pembamba unaposhika kwa kiganja. Mkia ni ulimi wa chuma unaotoka nyuma ya kisigino, ukalala juu ya shingo na kufungwa kwa skrubu.

Kabla ya kugusa bisibisi

Hakikisha gobore ni tupu, hata kama boksi ni jipya. Tumbukiza mdeki mtutuni hadi ugote, weka alama ya penseli pale unapotokea mdomoni, kisha uutoe na uulaze juu ya mtutu, alama ikilingana na mdomo. Ncha yake inatakiwa ifike karibu na tundu la moto, kile kitundu cha nyuma kinachopitisha moto hadi kwenye baruti. Ikiishia mbali na hapo, kuna kitu kimeshindiliwa ndani na kazi inasimama mpaka kitolewe. Ukinunua gobore lililopitia mkono wa mtu, usiruke hatua hii: likiwa limeshindiliwa, kwa nje halionyeshi dalili yoyote.

Sheria nayo iangalie kabla hujalipa. Kuna nchi ambako gobore huhesabiwa silaha kama nyingine, na kwingine lina utaratibu wake.

Hatua ya 1: Amua kurekebisha au kubadilisha

Kama malalamiko yako ni kwamba kitako ni kinene, kirefu au hakina sura, kirekebishe. Vitako vya mashine karibu vyote huachwa na unene wa kupindukia, na unene huo ni mali yako. Kibadilishe ikiwa shingo ina ufa, ikiwa unaona mwanga kati ya mti na bamba la mtambo, au ikiwa nyuzi za mti zimekaa vibaya.

Hilo la nyuzi lisikupite. Tazama ubavuni mwa shingo. Zikipita kwa urefu, zikifuata mkunjo wa shingo, mti ni mzuri. Zikiikatiza kimshazari zikatokea chini, shingo itakatika siku bunduki itakapoanguka, na hakuna vanishi itakayoizuia. Kwa kitako kipya tafuta walnati au mepo ngumu iliyokauka sawasawa, kisha uache ubao kwenye chumba cha kazi wiki kadhaa kabla ya kuukata. Mti usiokauka utakaa vizuri leo, mwezi ujao utaachana na chuma.

Hatua ya 2: Kulaza kisigino

Chora mstari wa kati juu na chini ya ubao, na usiufute hadi mwisho. Chimba mfereji wa mtutu kwa patasi kali, ukiacha kama milimita moja ya ziada kila upande. Mitutu mingi ya aina hii ina pembe nane, kwa hiyo mfereji una sakafu, kuta mbili za mshazari na kuta mbili zilizosimama. Ukichimba mviringo, mtutu utacheza.

Sasa tengeneza wino wa kuonyesha mgusano. Shika kijiko cha zamani juu ya mwali wa mshumaa hadi masizi yakusanyike, yakwangue, changanya na matone machache ya mafuta. Paka kwenye chuma kwa mswaki mkuukuu, utando mwembamba kiasi cha kuona chuma chini yake. Laza mtutu, ugonge kidogo kwa nyundo ya mbao, uinue wima. Mti utakuwa na alama nyeusi pale ulipoguswa. Kwangua alama hizo tu, kisha rudia.

Mara ya kwanza utapata nukta mbili tatu kwenye pembe. Ukishusha zaidi, nukta zinakuwa mistari, mistari inakuwa mabaka. Ukiinua mtutu kwa kuuinamisha, masizi yatapaka kuta na kukudanganya, nawe utakwangua mahali ambapo chuma hakikugusa kabisa. Sikiliza pia. Mtutu usiokaa hulia *ko, ko* kama debe tupu ukigongwa. Ukikaa, unatoa *du* moja nzito.

Ukuta ulio nyuma ya kisigino ndio ninaotaka uupe muda kuliko sehemu yoyote. Baruti ikilipuka, mtutu unarudi nyuma, na ukuta huo ndio unaopokea pigo. Ukipokea kwa uso wake wote, pigo linatawanyika hadi begani. Ukipokea kwa pembe moja, au usipogusa kabisa, kazi hiyo inahamia kwenye skrubu ya mkia, na skrubu hiyo hupasua shingo kama kabari ipasuavyo kuni. Endelea na masizi hadi ukuta wote uwe na weusi ulioenea kulia na kushoto. Mimi hutumia jioni nzima hapa, na sioni haya.

Kwenye ncha ya nyuma ya mkia fanya kinyume: acha upenyo wa unene wa karatasi moja au mbili. Ncha hiyo ikigusa mti, milipuko michache itameng'enya kipande juu ya shingo.

Hatua ya 3: Mtambo na kifyatulio

Mtutu ukishalala, ndipo mtambo upewe nafasi. Usitangulize mtambo: mahali pake panaamuliwa na mtutu. Kwa gobore la fataki, nyundo ishuke katikati ya chuchu (kile kichuma kinachovishwa fataki) bila kuegemea upande. Kwa la gumegume, linalowashwa kwa cheche za jiwe, tundu la moto liangukie katikati ya kibakuli cha baruti. Kosa la milimita mbili hapa litakusumbua maisha yote ya bunduki.

Bamba la mtambo linazama kwa masizi yaleyale. Viungo vya ndani, springi na kishikizo (kinachoizuia nyundo isishuke), vinahitaji nafasi ya kutosha vizunguke bila kugusa mti. Kishikizo kikikwama kwenye mti, nyundo haitashika sawasawa kwenye hatua ya nusu, ile ya usalama inapoinuliwa nusu tu, na hiyo ni bunduki inayoweza kulia bila kuguswa. Inua nyundo hadi nusu, sukuma kwa dole gumba kwa nguvu, vuta kifyatulio. Isishuke. Rudia mara kumi, skrubu zote zikiwa zimekazwa, maana ukikaza mtambo huvutwa ndani kidogo na kinachogusa huonekana wakati huo.

Tundu la skrubu ya mkia toboa baada ya kifyatulio kukaa, kwa keekee iliyosimama wima kwa mkia. Kama huiamini mikono yako, toboa nusu kutoka juu na nusu kutoka chini.

Hatua ya 4: Urefu na umbo

Urefu hupimwa kutoka kwenye kifyatulio hadi katikati ya mwisho wa kitako. Watu wazima wengi huangukia kati ya sentimita 33 na 36. Pima ukiwa na nguo utakazovaa wakati wa kupiga, na uhesabu unene wa bamba la kitako, lile linalofunika mwisho wake begani. Nimeandika hilo kwa uchungu: kitako changu cha pili nilikipima nikiwa na fulana, nikakiacha kirefu kwa kiburi, na siku ya baridi kikawa kinanasa kwapani kila nilipokiinua. Cha tatu nikakikata mno. Afadhali kirefu, huko kuna njia ya kurudi.

Kabla ya kukata kwa msumeno, zungushia utepe wa karatasi kwenye mstari ili ukingo usichanike. Umbo litoe kwa tupa ya meno makubwa, halafu tupa laini, vyuma vyote vikiwa mahali pake. Ukivitoa, utalainisha kingo za mti zikawa duara na kuzunguka bamba kutaonekana kama mto wa kulalia. Mti uachwe juu ya chuma kidogo hadi mwisho, kisha ushuke pamoja nacho.

Punguza shingo na pande za mtambo bila woga, ila kumbuka mdeki: tundu lake linapita chini ya mtutu na kuishia karibu na mtambo, na ukipunguza sana chini yake utatokeza shimo. Kwa kitako kirefu kinachofika mdomoni, usiwahi kukishika bila mtutu ukiwa ndani. Ile sehemu ya mbele ni nyembamba kama ganda.

Hatua ya 5: Msasa na mafuta

Anza na msasa namba 120, nenda 220. Futa mti kwa kitambaa chenye maji, uache ukauke: nyuzi zitasimama kama manyoya. Zikate kwa msasa mpya, bila kukandamiza. Rudia hadi zisisimame tena. Kisha mafuta ya kitani yaliyochemshwa, utando mwembamba, ufute baada ya dakika kumi na tano, subiri siku nzima, rudia mara tano au sita. Paka pia ndani ya mifereji na chini ya bamba la kitako, kwa sababu gobore husafishwa kwa maji na maji hupenyea huko.

Vitambaa vyenye mafuta hayo usivikunje ukavitupa pipani. Hupata joto vyenyewe na kuwaka. Vitandaze nje vikauke, au vizamishe kwenye maji.

Hatua ya 6: Kujaribu

Tumia baruti nyeusi, au mbadala wake uliotajwa na mtengenezaji wa mtutu. Baruti ya kisasa isiyo na moshi itapasua mtutu. Anza na kipimo cha chini kabisa kilichoandikwa kwenye mwongozo wake, gobore likiwa limefungwa kwenye jiliwa la kulengea na kifyatulio kikivutwa kwa kamba ndefu.

Baada ya milio mitano, toa mtutu na utazame ule ukuta wa nyuma. Mti ulioshindiliwa na chuma hung'aa kidogo. Mng'ao ukiwa sawa kulia na kushoto, funga bunduki. Ukiwa upande mmoja, washa mshumaa, shika kijiko, rudi hatua ya 2.