Piga magoti kabla ya kupiga mbio

Kwa wachezaji wanaosumbuliwa na nyama za nyuma ya paja kila msimu: mkimaliza kukimbia taratibu mazoezini, piga magoti kwenye nyasi, mwenzako akushike vifundo vya miguu kwa nguvu, kisha jishushe mbele polepole kadiri unavyoweza, mwili umenyooka kuanzia magotini hadi kichwani. Ukishindwa kujizuia, jidake kwa mikono. Anza na mara 3 hadi 5 tu, uongeze wiki kwa wiki. Zoezi hili limo kwenye FIFA 11+, programu ya kupasha mwili joto iliyotungwa kuzuia majeraha ya wanasoka, na tafiti zimeonyesha kuwa majeraha ya nyuma ya paja hupungua karibu nusu. Msuli huu wa nyuma ya paja huchanika zaidi mtu anapokimbia kasi, pale unapovutika huku ukiufungia breki mguu unaotupwa mbele. Kwa zoezi hili msuli unafundishwa kazi hiyohiyo, ila polepole. Halisaidii ukikunja kiuno (ndilo kosa ninaloliona sana), wala ukilifanya wiki mbili ukaacha. Siku moja kabla ya mechi liruke, maana mwanzoni huacha maumivu ya misuli. Na kama msuli umeshachanika, usiliguse mpaka daktari au mtaalamu wa viungo akuruhusu.