TV mpya, sabufa bubu: mpangilio wa sauti kwanza, waya baadaye

"Fundi, nimeleta TV mpya nyumbani, sabufa imekuwa bubu." Simu ya namna hii haikosi kila wiki hapa Dar es Salaam. Mpaka nifike, mwenye nyumba ameshakwenda Kariakoo mara mbili, na safari ya pili karudi na waya wa vichwa vya dhahabu uliomtoboa mfuko. Mimi nikifika siombi bisibisi, naomba rimoti. Mara nyingi waya wa kwanza ulikuwa mzima kabisa. TV ndiyo ilikuwa inaongea lugha ambayo sabufa haiijui.

Hatua ya 1: Soma matundu ya pande zote mbili

Geuza TV, washa tochi ya simu, piga picha mgongo wake wote. Fanya hivyo hivyo kwa sabufa, saundiba au amplifaya.

Matundu mawili ya mviringo, jekundu na jeupe, yanayoitwa RCA, ni ya analogi. Hapo kuna mtego: kwenye TV nyingi za siku hizi yameandikwa AV IN, yaani yanapokea sauti ya deki au king'amuzi, hayatoi. Ukichomeka sabufa hapo utangoja mpaka kuche. Tundu dogo la hedifoni, la milimita 3.5, lenyewe linatoa, kama TV yako bado inalo.

Kitundu cha mraba chenye kimlango, kilichoandikwa OPTICAL, hutoa sauti kwa mwanga. Kikiwa kazini utaona wekundu ndani yake. COAXIAL ni tundu moja la mviringo. Sauti yake ni ileile ya dijitali, ila hii inapita kwenye shaba. Mwisho angalia HDMI. TV inaweza kuwa nazo tatu au nne, lakini kwa kawaida ni moja tu, iliyoandikwa ARC au eARC, inayorudisha sauti nje. Nyingine zote hupokea.

Hatua ya 2: Jua spika zako zinaelewa lugha gani

Hapa ndipo penye kazi, tusipite mbio.

Sauti ya dijitali hutoka kwenye TV kwa namna mbili. Chukua mfano wa mitumba. PCM ni nguo zilizokwisha kutundikwa kwenye henga: mteja anachukua, anavaa. Dolby Digital na DTS ni robota lililofungwa mikanda: ndani kuna nguo nyingi katika nafasi ndogo, lakini lazima awepo wa kulikata na kuzipanga. Hesabu yake ni hii: PCM ya njia mbili, kushoto na kulia, kwa sampuli 48,000 kila sekunde na biti 16 kwa sampuli, inakula kilobiti 1,536 kwa sekunde. Dolby Digital inabeba njia sita, ile inayoitwa 5.1, kwa kilobiti zisizozidi 448 kwenye DVD na 640 kwenye Blu-ray.

Amplifaya na saundiba zenye nembo ya Dolby zina mkata mikanda ndani, ndiye dikoda. Sabufa nyingi za madukani hazina. Wala usidanganywe na kibandiko cha 5.1 kwenye boksi. Nimefungua sabufa nyingi za spika tano ambazo nyuma zina matundu sita ya RCA na ndani hazina dikoda yoyote. Ukizipa njia mbili, spika za nyuma zinarudia yaleyale ya mbele. Kwenye kipaimara cha mtoto patachangamka, sikatai. Lakini helikopta ya kwenye muvi haitapita juu ya kichwa chako.

Ukikosa nembo ya Dolby au DTS kwenye mashine yenyewe au kitabu chake, ihesabu kuwa inaelewa PCM tu.

Hatua ya 3: Chagua njia

Kama pande zote mbili zina HDMI ARC, tumia hiyo, usifikirie mara mbili. ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009. Inabeba PCM ya njia mbili na Dolby Digital, na kwenye TV nyingi hata Dolby Digital Plus, ambayo Netflix huitumia kupeleka Atmos, ile sauti ya Dolby inayokuzunguka mpaka juu ya kichwa. eARC ilikuja na HDMI 2.1 mwaka 2017, ikiwa na barabara pana ya kupitisha Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio za diski za Blu-ray. Kama huna deki ya Blu-ray, eARC isikunyime usingizi.

Optiko inafuata. Inapitisha PCM ya njia mbili, Dolby Digital na DTS ya kawaida, basi. Ila ina sifa moja inayonifanya niipende: haipitishi umeme. Ule mvumo wa "mmm" unaozuka TV yenye waya wa dishi inapounganishwa na amplifaya kwa shaba, mara nyingi optiko huukata palepale.

Sasa hali ya nyumba nyingi: TV ina OPTICAL, sabufa ina RCA nyekundu na nyeupe tu. Nunua kiboksi kiitwacho DAC. Upande mmoja optiko inaingia, upande wa pili RCA inatoka, na moto wake kinachukua kwenye USB ya TV. Vya bei nafuu husoma PCM peke yake, ndiyo maana hatua ya 4 usiiruke.

Kabla ya kuchomeka waya wa optiko, toa vile vikofia vya plastiki vya ncha zote mbili. Wakati naanza kazi hii nilikaa saa nzima sebuleni kwa mtu Kimara, nimelala chali nyuma ya kabati, nailaani TV ya watu. Kikofia kilikuwa bado kipo upande wa sabufa. Siku hizi nachomeka upande wa TV kwanza, nalenga ncha ya pili kiganjani; nikiona doa jekundu, naendelea. Na waya huo usiukunje kama kamba ya katani, ndani ni plastiki au kioo.

Hatua ya 4: Sasa shika rimoti

Shusha sauti ya sabufa karibu na sifuri. Si woga: mashine isiyojua Dolby ikipewa Dolby hukaa kimya, au hutoa kelele kama mvua ya mawe kwenye bati, na spika zinaweza kuungua.

Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya sauti. Kwanza chagua sauti itokee wapi: HDMI ARC au Optical badala ya spika za TV. Kisha tafuta mstari wa muundo wa sauti ya dijitali. Kwenye Samsung na LG mara nyingi umefichwa ndani, chini ya mipangilio ya wataalamu au ya juu. Sabufa ya RCA yenye DAC: weka PCM. Saundiba yenye Dolby: weka Auto. Amplifaya inayofungua kila kitu: weka Pass Through, au Bitstream kama ndivyo TV yako inavyoiita.

ARC ikigoma, washa pia udhibiti wa vifaa kwa HDMI. Samsung wanauita Anynet+, LG wanauita SimpLink, Sony ni Bravia Sync. Halafu zima TV na saundiba ukutani, hesabu dakika moja, washa tena.

Usisahau king'amuzi na deki, navyo vina menyu zao. Chaneli zikinyamaza huku YouTube inaongea vizuri, kosa liko huko.

Hatua ya 5: Waya

Waya wa dijitali hauwezi kupunguza besi wala kuongeza utamu. Ukiwa mbovu utasikia sauti inakatika, inakwaruza au inazimika. Dhahabu ya kwenye vichwa huzuia kutu, jambo la maana kidogo huku pwani kwenye chumvi, lakini muziki ni uleule. Kwa ARC, HDMI yoyote nzima inatosha. Kama huohuo unabeba picha ya 4K ya fremu 60, tafuta ulioandikwa Premium High Speed, na usizidishe mita tatu bila sababu. Kwa COAXIAL, jaribu kwanza waya wa njano wa video uliolala kwenye droo. Nao umetengenezwa kwa ohimu 75.

Pesa iliyobaki peleka kwenye nyaya za spika, maana pale ni analogi na unene una kazi. Shaba ya milimita 1.5 za mraba inatosha mita 10 kwa spika ya ohimu 8. Zaidi ya hapo chukua 2.5. Kama hujui upande wa chanya, gusisha betri ya rimoti ya volti 1.5 mara moja: koni ikisukumwa nje, waya ulio kwenye chanya ya betri ndio chanya ya spika. Ukigeuza spika moja tu, besi inatoweka.

Hatua ya 6: Midomo na sauti

Pima kama sauti inakwenda na midomo kwa taarifa ya habari, mtangazaji akiwa studio. Usipime kwa tamthilia iliyotiwa sauti za Kiswahili, hiyo haitakubaliana na midomo mpaka kiama. Sauti ikitangulia, ongeza Audio Delay kidogo kidogo. Ikichelewa kwa sababu unatumia Bluetooth, rudi kwenye waya.

Na ile muvi ya kwenye flashi yenye picha bila sauti? Huenda sauti yake ni DTS. TV za Samsung ziliacha kuisoma kuanzia za 2018, LG nazo mwaka 2020, ingawa LG wameirudisha kwenye baadhi ya TV za 2023. Bonyeza kitufe cha kubadili sauti kwenye rimoti kwanza, kwani faili nyingi zina sauti mbili za kuchagua. Ikikosekana, ipitishe kwenye HandBrake, programu ya bure ya kompyuta: upande wa sauti chagua AC3, ndiyo Dolby Digital yenyewe, kama saundiba yako inafungua Dolby, au AAC ya stirio kama ni sabufa ya RCA.