Akili mnemba ICU: namna ya kuitumia bila kumponza mgonjwa

Kama ICU yenu (wodi ya wagonjwa mahututi) haijanunua mfumo wowote wa akili mnemba, usidhani haumo. Umo kwenye simu ya daktari wa zamu anayeuliza dozi ya noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, saa tisa usiku, na kwenye kompyuta ya muuguzi anayeomba ripoti ya makabidhiano ifupishwe. Matumizi haya ya mfukoni yananitia wasiwasi kuliko mifumo mikubwa ya kununuliwa, kwa sababu hayaachi alama yoyote kwenye faili.

Mwongozo huu ni kwa wanaofanya kazi kitandani: wauguzi, madaktari na wakuu wa wodi. Hauhitaji kujua kuandika programu.

Hatua ya 1: Panga kazi kwa uzito wa madhara

Chukua karatasi, chora safu tatu. Ya kwanza ni kazi za maandishi: rasimu ya barua ya rufaa, muhtasari wa faili nene, maelezo ya lugha nyepesi kwa ndugu wa mgonjwa. Ya pili ni kazi za kuonya: mfumo unaosema mgonjwa huyu anaelekea kupata sepsisi (maambukizi yanayovuruga viungo vya mwili) au presha yake itashuka. Ya tatu ni kazi za kuamua: dozi, kubadili mipangilio ya ventileta (mashine ya kupumulia), kutoa mrija wa hewa, nani apewe kitanda kilichobaki.

Safu ya kwanza iruhusiwe, mradi anayetia sahihi amesoma kila mstari. Safu ya pili isubiri hatua ya 3. Safu ya tatu ibaki kwa binadamu. (Modi za ventileta zinazojirekebisha zenyewe ni habari nyingine, zina mafunzo yake na zimeidhinishwa kivyake.)

Usiidharau safu ya kwanza lakini. Muhtasari ukidondosha mstari wa mzio wa penisilini, hakuna kengele itakayolia. Kila muhtasari uhakikiwe dhidi ya faili kwa mambo manne: mzio, dawa za kuzuia damu kuganda, mirija yote na tarehe ilipowekwa, na makubaliano na familia kuhusu kiwango cha matibabu.

Hatua ya 2: Uliza imesomea wapi

Hapa usikubali kuharakishwa na muuzaji.

Sehemu kubwa ya utafiti wa akili mnemba wa ICU imejengwa juu ya kanzidata (hifadhi ya data) iitwayo MIMIC, yenye kumbukumbu za wagonjwa wa hospitali moja ya Boston, Beth Israel Deaconess. Mwaka 2018 watafiti wakiwemo wa Imperial College London walichapisha katika jarida la Nature Medicine mfumo uliojifunza kutoka kumbukumbu hizo kupendekeza maji ya dripu na dawa za kupandisha presha kwa watu wazima wenye sepsisi. Ni kazi ya maana. Lakini ukitaka mfumo wa aina hiyo katika wodi zetu, kumbuka kwanza jaribio la FEAST, lililochapishwa 2011. Watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, waligawanywa katika makundi. Waliomiminiwa maji kwa haraka walifariki kiasi cha asilimia 10.5 ndani ya saa 48; wasiomiminiwa, asilimia 7.3. Halafu Lusaka, 2017: watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiishi na VVU, walipotibiwa kwa utaratibu wa maji mengi mapema, vifo vilikuwa asilimia 48.1, dhidi ya 33.0 kwa waliopata huduma ya kawaida.

Kwa hiyo ushauri wa maji uliotokana na wagonjwa wa Boston, wenye ventileta pembeni na maabara inayojibu ndani ya saa moja, unaweza kuua mahali ambapo mgonjwa akianza kujaa maji mapafuni hakuna mashine ya kumpumulia.

Muulize muuzaji: wagonjwa wa mafunzo walikuwa wa nchi gani, umri gani, miaka gani? Malaria kali, VVU na utapiamlo vilikuwemo? Nani asiye na maslahi ameupima? Jibu la “umethibitishwa kimataifa” lirudishe.

Kuna mtego mwingine hata data ikiwa ya kwetu. Katika karatasi ya 2015, watafiti wa Marekani walieleza modeli (programu ya kutabiri) ya nimonia iliyojifunza kwamba mwenye pumu ana hatari ndogo zaidi ya kufa. Hesabu haikukosewa. Wenye pumu walikuwa wakipelekwa moja kwa moja ICU, wakahudumiwa vizuri, wakapona. Anayeifuata modeli hiyo angewarudisha nyumbani.

Hatua ya 3: Jaribio la kimya

Uwashe mfumo, lakini maonyo yake yasimfikie anayetibu. Mtu mmoja ayakusanye, mwingine aandike kilichowapata wagonjwa bila kujua mfumo ulisema nini. Endeleeni hadi mpate wagonjwa wa kutosha waliozidiwa kweli; wodi ndogo itasubiri miezi.

Kisha hesabuni mambo matatu. Katika kila maonyo kumi, mangapi yalikuwa ya kweli? Katika waliozidiwa, wangapi walionekana na mfumo? Na je, uliwaona kabla ya sista wa zamu, au ulipiga kengele wakati antibayotiki imeshaanza kuingia? La tatu husahaulika, na ndilo linaloamua kama pesa itolewe.

Hospitali ya Chuo Kikuu cha Michigan ilifanya hesabu kama hizi kwa mfumo wa sepsisi wa kampuni ya Epic, na matokeo yakachapishwa 2021. Mfumo ulikuwa tayari unatumika katika mamia ya hospitali za Marekani. Ulikosa takribani theluthi mbili ya wenye sepsisi, huku ukitoa onyo kwa asilimia 18 ya waliolazwa wote. Kama hospitali yenye kompyuta kila kitanda ilipata hivyo, nyinyi msiruke hatua hii.

Hatua ya 4: Kagua namba zinazoingia

Vizio kwanza, yaani namba imeandikwa kwa kipimo gani. Glukosi (sukari ya damu) ya milimoli 5.5 kwa lita ni takribani miligramu 99 kwa desilita. Mfumo unaotegemea miligramu ukilishwa 5.5 utatangaza sukari imeisha mwilini. Kreatinini, kipimo cha figo, nayo: miligramu 1 kwa desilita ni mikromoli 88.4 kwa lita.

Pili, muda. Sote tunazijua chati zinazojazwa kwa mkupuo karibu na makabidhiano, presha sita zinazofanana zikifuatana mstari kwa mstari. Modeli itasoma hapo utulivu ambao haukuwepo. Msipoweza kuandika kila saa kwa wakati wake, msisimike mfumo wa kuonya.

Tatu, oksimita, kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni. Utafiti wa Marekani wa 2020 uliangalia vipimo ambapo oksimita ilisoma asilimia 92 hadi 96. Kwa wagonjwa Weusi, asilimia 11.7 ya vipimo hivyo vilificha oksijeni ya chini ya 88 kwenye damu yenyewe. Kwa Weupe, asilimia 3.6. Modeli inayomeza namba ya oksimita inameza na kosa lake. Hali ya mgonjwa isipolingana na kioo, chukua damu ipimwe gesi zake.

Hatua ya 5: Andika jibu lako kabla ya kuuliza

Ukiona jibu la mashine kwanza, lako hufuata nyayo zake. Kwa hiyo: karatasi, kalamu, halafu simu.

Mfano. Mgonjwa wa kilo 60, noradrenalini mikrogramu 0.1 kwa kilo kwa dakika. Sindano ya pampu ina miligramu 4 ndani ya mililita 50, yaani mikrogramu 80 kwa kila mililita. 0.1 × 60 × 60 = mikrogramu 360 kwa saa. Gawa kwa 80: mililita 4.5 kwa saa. Simu inakujibu 22.5. Imekosea? Hapana, imedhani umechanganya miligramu 4 kwenye mililita 250. Ni mara tano ya dozi, na hesabu yake haina kosa hata moja.

Ventileta pia. Mwanamke wa sentimita 160 mwenye kilo 90: uzito unaokadiriwa kwa urefu ni kilo 52.4, kwa hiyo mililita 6 za hewa kwa kilo ni kama 314 kila pumzi. Ukiipa programu uzito wake wa kilo 90 tu, unaweza kupata 540. Majibu mawili yakitofautiana, mwite mwenzako. Usiulize programu ya pili.

Hatua ya 6: Siri ya mgonjwa

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019. Picha ya monita ina jina na namba ya faili kwenye kona. Na hata ukifuta jina, “kijana wa miaka 34 wa ajali ya basi ya jana” mji mzima unamjua. Usitume.

Hatua ya 7: Wekeni masharti ya kuuzima, kabla haujaharibika

Aandikwe mtu mmoja kwa kila zamu mwenye ruhusa ya kuuzima bila kumpigia mtu simu. Uzimwe ukisasishwa na kampuni, hadi jaribio la kimya lirudiwe. Uzimwe maabara ikibadili mashine au vizio. Uzimwe wauguzi wakianza kunyamazisha kengele bila kumtazama mgonjwa, maana hapo ni kelele tu.

Na umeme au mtandao ukikatika, angalieni kioo kinaonyesha nini. Baadhi ya mifumo hubakiza alama ya mwisho, ya kijani, kana kwamba imehesabiwa sasa hivi. Saa ya kipimo cha mwisho lazima isomeke kando ya alama. Isiposomeka, msiusimike mfumo huo hata ukiletwa kwa msaada.