Jinsi ya Kuandika Daftari la Tafakuri: Shairi, Hadithi Fupi na Kazi ya Mikono

Mwanafunzi anayeambiwa aandike tafakuri juu ya shairi mara nyingi hufanya kile alichozoea kukifanya katika mtihani: hutafuta dhamira, huorodhesha tamathali za usemi, kisha humalizia kwa ujumbe ambao mtunzi "anatufundisha". Nami niliandika hivyo kwa miaka mingi, tangu nikiwa sekondari huko Wete hadi nilipovuka bahari kuja kusoma Unguja, na daftari langu la kwanza la tafakuri lilirudishwa likiwa na maneno mawili tu ya wino mwekundu: "Umeona nini?" Nililikasirikia swali hilo kwa siku kadhaa, kwa kuwa niliamini nimekwisha kulijibu katika kurasa sita. Nilipozisoma upya kurasa hizo niligundua kuwa ningeweza kuziandika bila ya kulisoma shairi lenyewe, kwa kuambiwa tu kwamba linahusu mapenzi na subira. Haya ninayoyaeleza hapa ni namna ninavyoliweka daftari langu sasa, na nimeyaandika kwa ajili ya wanafunzi wenzangu wa visiwani waliotakiwa kufanya kazi kama hii wasijue pa kuanzia.

Daftari la kawaida la mistari linatosha. Kila linapofunguka, ukurasa wa kushoto uwe wa ulichokiona, ulichokisikia na ulichokihesabu, na ukurasa wa kulia uwe wa ulichokifikiria. Sharti ni moja: usiuguse ukurasa wa kulia mpaka ule wa kushoto uwe na mistari kumi au zaidi. Utaona tabu katika mistari mitatu ya mwanzo, kwa sababu mkono umezoea kukimbilia maoni, na utajikuta ukiandika "lugha ni nzuri" upande wa kushoto, ambako haistahili kuwapo, kwa kuwa uzuri ni hukumu yako wewe na si kitu kilicho katika karatasi uliyoisoma. Juu ya ukurasa andika tarehe, mahali ulipokaa na saa. Nilidhani haya ni mapambo, hadi nilipogundua kwamba mashairi niliyoyasoma usiku kabla ya mtihani yote yalikuwa "ya huzuni".

Kwa shairi, anza kwa mdomo. Lisome kwa sauti mara mbili, na kama unaweza kulighani, lighani, hata kama sauti yako si ya kualikiwa maulidini. Ushairi wetu ulipita masikioni kabla ya kupita machoni, na hata ulipoingia katika mashine uliingia kama sauti: Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na maneno yake yaliwafikia watu wengi ambao hawakuwahi kuyaona yameandikwa. Baada ya kusoma ndipo uhesabu. Ili nisimharibie mtunzi mwengine kazi yake, nitatumia ubeti nilioutunga mwenyewe kwa zoezi la darasani, ambao una kasoro za kutosha kutufaa:

Jua limekwishazama, chombo changu sikioni,
Kwenye gati nasimama, upepo u kifuani,
Kila mtu amehama, nimebaki bandarini,
Nieleze ewe mama, nirudi lini nyumbani.

Upande wa kushoto niliandika kwamba ubeti una mishororo minne, kwa hiyo ni tarbia; kwamba kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, vyenye mizani (silabi) nane kila kimoja; kwamba kina cha kati ni "ma" na cha mwisho ni "ni". Katika kuhesabu mizani usitegemee macho. "Mtu" ni mizani miwili, kwa kuwa ile "m" inatamkwa peke yake, lakini "kwi" katika "limekwishazama" ni mmoja, hata ukiziona herufi tatu. Gonga meza kwa kidole kwa kila silabi. Ukipata saba au tisa, gonga tena kabla ya kumtuhumu mtunzi, na ukithibitisha kwamba mizani imepungua kweli, andika ni katika mshororo gani na ni neno gani linaloangukia pale. Si kila upungufu ni kosa, kwani wako watunzi wanaoacha arudhi, yaani kanuni za utunzi, kwa makusudi. Vilevile, utenzi una desturi yake ya kipande kimoja cha mizani nane, kwa hiyo usiupime kwa fimbo ya tarbia.

Hesabu peke yake haina thamani kubwa; thamani yake ni kwamba inakulazimisha ukae na neno moja moja. Mwenzangu aliyeusoma ubeti huu kimyakimya aliniuliza kwa nini chombo kimo sikioni. Alikuwa ameliona neno "sikio", analolijua tangu utotoni, na macho yake hayakuhitaji kuendelea. Jioni nilimsomea babu yangu kwa simu, yeye akiwa barazani kwake Pemba, na nilipofika kwenye neno lile alinikatiza akasema, "Kitaonekana, vuta subira." Alisikia "si-ki-oni", yaani siwezi kukiona chombo kwa kuwa giza limeingia, bila ya kusita, kwa sababu alikuwa akiifuata maana na si herufi. Yote mawili yaliingia daftarini, kosa la mwenzangu na jibu la babu. Usomaji wa kwanza uliopotoka usiufute. Utie mstari chini yake na uuache, maana mara nyingi huonesha mahali ambapo shairi lina mlango wa pili. Mimi sikuikusudia ile maana ya sikio, lakini mtu anayesimama gatini gizani hukisikia chombo kabla ya kukiona, na sasa siwezi kuusoma mshororo ule bila ya kusikia mashine ya boti.

Kisha tafuta neno lililoletwa na kina. Kila shairi la vina lina hatari hii, na kulitambua neno hilo ni sehemu ya tafakuri yenye faida kuliko orodha nzima ya tashbiha. Katika ubeti wangu ni "amehama". Watu waliotoka gatini kwenda makwao hawakuhama, wameondoka. Nilihitaji "ma", nikalichukua neno lililokuwa karibu. Linganisha na "nasimama", ambalo nalo lina "ma" lakini lingekuwapo hata kama shairi halina vina, kwa kuwa ndicho anachokifanya msemaji. Unaposoma tungo za watu waliobobea, kama Kamange na Sarahani wa Pemba, au Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyewahi kuwa mvuvi na baharia, jiulize swali hilihili katika kila mwisho wa kipande: je, neno hili limekuja kwa sababu ya sauti au kwa sababu ya jambo? Mara nyingi utashindwa kutenganisha, na kushindwa huko ndiko kunakopaswa kuandikwa upande wa kulia.

Watunzi wa visiwani pia hutumia maneno ya Kipemba, Kitumbatu au Kimakunduchi ambayo kamusi ya shule huenda isiyataje au ikayapa maana ya mji. Usibuni. Muulize mtu mzima wa sehemu ile, na uandike alivyokueleza kwa maneno yake pamoja na jina la kijiji, si maelezo hayo uliyoyasafisha baadaye.

Hadithi fupi inataka njia nyengine, na hapa nakiri kwamba sikio langu ni zito zaidi. Sisi tumelelewa kwa "Hadithi, hadithi!" na "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea", ambapo msimulizi anafungua mlango, anakukaribisha, na mwishoni anakutoa nje salama. Hadithi fupi iliyoandikwa haina adabu hiyo. Inakuingiza ndani ya nyumba katikati ya ugomvi na kukutoa kabla ya mtu kuomba radhi. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa kushoto usiandike muhtasari, andika saa. Pitia aya kwa aya na utaje ni wakati gani: asubuhi, asubuhi ileile, wiki ya pili, usiku. Pale wakati uliporukwa, chora mstari mnene.

Mwenzetu mmoja aliwahi kutusomea hadithi yake ya kurasa tatu kuhusu ndugu wawili katika msimu wa karafuu. Aya ya nne inaishia na mdogo akianika karafuu juu ya jamvi, makonyo yakiwa yamekwisha kuchambuliwa na wingu likianza kukusanyika upande wa bahari. Aya ya tano inaanza jioni: jamvi ni tupu na ni kavu. Nusu ya darasa ilisema mvua ilinyesha na karafuu zikaharibika, na nusu ikasema kaka alizianua akaenda kuziuza. Tulibishana muda mrefu hadi mmoja wetu akalirudia neno "kavu". Neno hilo lilikuwapo mbele ya macho yetu sote. Tulilipita kwa sababu wingu lilikuwa limetushughulisha, na mwandishi alilitia wingu lile makusudi ili tulitazame. Mstari mnene ukishachorwa, rudi kwenye sentensi moja kabla yake na moja baada yake, uzinakili zote mbili neno kwa neno upande wa kushoto, na upande wa kulia uandike umejaza nini mwenyewe katika pengo lile. Mara nyingi utakuta kwamba sehemu ya hadithi uliyokuwa na hakika nayo zaidi ni ile ambayo haikuandikwa.

Kuhusu wahusika, maudhui na mandhari, mmefundishwa vya kutosha.

Sanaa ya mikono ndiyo inayotupita zaidi, kwa kuwa tunaishi ndani yake. Chukua mlango mmoja tu wa Mji Mkongwe, uketi kwenye baraza iliyo mkabala nao na uuchore kwa penseli kwa muda wa dakika ishirini. Mchoro wako utakuwa mbaya, na haudhuru, maana kazi yake ni kukuchelewesha. Angalia kama sehemu ya juu imenyooka au ni ya tao, kama nakshi imepita pande zote za fremu au upande mmoja, kama mfaa, ule ubao wa katikati yanapokutana mabawa mawili, umechongwa kwa nakshi ileile au nyengine, na ni wapi mbao mpya imetiwa kiraka. Mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kwa sababu hiyo kila mlango umekwisha kuelezwa mara elfu kwa wageni wanaopita. Mimi nimekaa mbele ya mlango mmoja nikasikia mnyororo uliochongwa pembeni ukielezwa kuwa ni ulinzi wa nyumba, na baada ya robo saa ukaelezwa kuwa ni alama ya utumwa. Andika "nimesikia ikisemwa", na uiache hivyo. Ulichokiona mwenyewe ni mnyororo. Hesabu pingili zake.

Lakini kama una bibi au shangazi anayesuka, acha mlango na umwendee yeye, kwa kuwa mlango hauwezi kujibu maswali. Nilikaa na shangazi yangu akisuka ukili kwa ukindu uliotiwa rangi, na nikamuuliza anajuaje rangi nyekundu irudi lini. Hakunijibu, alisuka taratibu zaidi ili nione. Ukili ni utepe mwembamba, na mkeka haupatikani mpaka tepe hizo zishonwe ubavu kwa ubavu, nakshi ya huu ikikutana na ya ule. Anayesuka utepe wa kwanza lazima awe na mkeka mzima kichwani. Niliandika hayo kushoto, na upande wa kulia nikaandika jambo ambalo sikuwahi kulipata katika darasa la ushairi, kwamba kina cha kati ni mshono.

Kanga nayo usiisahau, kwa kuwa inavikutanisha vitu hivi katika nguo moja: pindo linalozunguka, mji wa katikati, na jina lililoandikwa. Chukua jina lijulikanalo na wengi, "Japo sipati tamaa sikati", uligonge mezani. Ni mizani kumi na moja, tano kisha sita, si nane kwa nane, lakini "sipati" na "sikati" zinaitikiana kama vina vya shairi. Hapo tafakuri ina mengi ya kusema kuliko "kanga ina ujumbe": nani aliivaa, mbele ya nani, na je, mvaaji alichagua jina au alichagua rangi?

Baada ya wiki moja, zirudie kurasa zako kwa kalamu ya rangi nyengine, usome kazi ileile upya na uongeze pembeni kile kilichobadilika. Ndipo uandike insha ya kukabidhi. Ianze kutoka ukurasa wa kushoto, na kila dai la kulia lisimame karibu na kitu kilichoonekana. Ukifika mwisho, tazama aya ya mwisho uliyoiandika. Ikiwa inaanza na "Kwa ujumla", ifute uone kama insha imepungukiwa na chochote. Yangu haikupungukiwa. Ubeti wangu wa gatini ndio uliopungukiwa, kwa kuwa katika mzunguko wa pili nililifuta neno "amehama", na pamoja nalo ukwapi mzima wa mshororo wa tatu ukaondoka. Hadi leo pale pana vistari vinane vya penseli, na chini ya kile cha nane nimeandika "ma".